Pikipiki za Zamani za Italia: Ya Kufanya na Kutofanya Katika Msafara

Ukishaingia kwenye msafara wa pikipiki za zamani, breki zako si zako peke yako. Oili yako si yako peke yako. Ikidondoka kwenye kona, wewe utakuwa umeshapita. Atakayeteleza ni mwenzako wa nyuma. Watu wanapenda kusifia undugu wa waendesha Guzzi, Ducati na Laverda: salamu za mkono barabarani, kahawa kileleni, picha za pamoja. Undugu huo nauheshimu, maana ndio ulionipokea nilipokuja kufanya ufundi Bologna. Lakini salamu na kahawa hazijawahi kumzuia mtu asianguke. Kinachomzuia ni mambo madogo yanayofanywa kabla injini haijawaka, na mengine yasiyofanywa kabisa.

Mimi hukaa mkiani mwa msafara, mara nyingi kwenye barabara ya Futa inayounganisha Bologna na Firenze, au kwenye kona za Muraglione. Wa mkiani ndiye anayeokota. Nimechoka kuokota watu wenye akili timamu walioumia kwa mambo ambayo wangeyaepuka kwa dakika tano za ukaguzi. Nawaandikia Waafrika Mashariki wenzangu, mnaoishi huku na mnaokuja kutembea. Mmeanza kuonekana kwenye misafara hii, nami nataka mrudi nyumbani wazima.

KABLA YA KUONDOKA: FANYA

Sema hali halisi ya pikipiki yako, mbele ya wote. "Breki ya mbele inavuta kushoto." "Taa ya breki haiwaki." "Gia ya pili inachomoka." Sema kwa sauti, kabla ya kupanga safu. Kiongozi anahitaji habari hizo ili ajue akuweke wapi na aende mwendo gani. Mwenye haya ya kusema kwamba pikipiki yake ina kasoro huwa hana haya ya kuwagonga wenzake. Pikipiki ya mwaka 1956 kuwa na kasoro si aibu. Aibu ni kuificha.

Laza kadibodi chini ya injini usiku wa kuamkia safari. Asubuhi itakwambia. Tone moja mahali pamoja, fuatilia. Kidimbwi, baki nyumbani. Injini nyingi za zamani hutoa jasho la oili na hilo linavumilika, lakini jasho na kuvuja ni vitu viwili. Oili ikianza kudondokea tairi la nyuma, wewe ndiwe wa kwanza kuanguka, na waliokufuata wanafuatia.

Funga waya wa klachi wa pili sambamba na ule unaotumika, mkono hadi kwenye injini, tayari kuunganishwa. Waya ukikatika mlimani, kazi inakuwa ya dakika chache badala ya saa nzima ya kufungua tanki huku watu wanane wakikusubiri juani. Beba pia plagi, fyuzi, tepu ya umeme, waya laini wa kufungia, na spana zinazoingia kwenye boliti zako. Usinionyeshe mkoba wa spana mpya zinazong'aa ambazo hazitoshei hata boliti moja ya pikipiki yako.

Jazeni mafuta pamoja, kituo kimoja, wakati mmoja. Tanki la 125 na tanki la 850 hayaishiwi mahali pamoja. Safari inapangwa kwa tanki dogo kuliko yote.

Jaribu breki na gia kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani, hasa kama pikipiki si yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Hadi katikati ya miaka ya 1970, pikipiki nyingi za Italia zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Wewe umezoea Boxer au TVS: gia kushoto, breki kulia. Kichwa chako kinaweza kujifunza tofauti hiyo kwa dakika moja. Mguu wako haujifunzi kwa dakika moja. Kwenye barabara tupu utaendesha vizuri na utajisifu. Siku utakaposhtuka, mguu utarudi kwenye mazoea yake ya zamani bila kukuuliza.

Kijana mmoja aliazimwa Ducati 750 ya mwaka 1973 kileleni Muraglione. Mwenye pikipiki alimwambia, "Kumbuka gia iko kulia," kisha akarudi kwenye kahawa yake. Kijana aliteremka kuelekea San Godenzo vizuri kabisa, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa kali kuliko alivyodhani. Akataka kupunguza gia, mguu wa kushoto ukabonyeza. Kule hakuna gia, kuna breki. Gurudumu la nyuma likafunga na pikipiki ikaanza kuyumba. Akashtuka, akakanyaga kwa mguu wa kulia akitafuta breki. Kule hakuna breki, kuna gia. Mkono wa kulia nao ukabana breki ya mbele kwa nguvu zote katikati ya kona. Nilimkuta mtaroni, mtulinga umevunjika, anamwomba radhi mwenye pikipiki. Hakuwa na la kuombea radhi. Aliyepaswa kuomba radhi ni yule aliyemkabidhi ufunguo kwa sentensi moja.

Kwa hiyo: nusu saa kwenye uwanja. Kimbia, simama ghafla, kimbia, simama ghafla, mpaka mguu usimame bila kichwa kuuamrisha. Kama hakuna uwanja, hakuna kuazimana.

Na ukipewa Guzzi ya katikati ya miaka ya 1970 au ya baadaye, jifunze upya. Kuanzia 850 T3 ya mwaka 1975, Guzzi waliunganisha breki: pedali ya mguu inashika diski ya nyuma na diski moja ya mbele kwa pamoja, na mkono unashika ile diski ya pili ya mbele peke yake. Anayetegemea mkono tu, kama alivyozoea, anatumia nusu ya breki za mbele na kushangaa kwa nini pikipiki haisimami.

KABLA YA KUONDOKA: USIFANYE

Usije na pikipiki uliyomaliza kuifunga jana usiku. Kila boliti uliyoigusa inadai safari fupi ya majaribio, karibu na nyumbani, peke yako. Msafara si mahali pa kugundua kwamba ulisahau kukaza ekseli.

Usiache petroli ya kisasa ikae kwenye tanki la faiba. Ducati kadhaa za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na matanki ya aina hiyo, na ethanoli iliyomo kwenye petroli ya leo huyalainisha na kuyavimbisha. Utando unaobanduka ndani unashukia kwenye kabureta. Injini inakufa wakati unaovateki lori. Paka dawa ya kukinga au badilisha tanki, na ukirejea nyumbani toa mafuta yote.

Usipige kiki pikipiki ya mtu bila kumuuliza. Nyingine zina wenzo wa kurudisha nyuma muda wa cheche. Ukipiga kiki wenzo ukiwa mahali pabaya, injini inarudisha teke. Vifundo vya mguu vimevunjika hivyo, mbele ya watu waliojua na wakanyamaza.

Usisogeze suruali pana, kamba za viatu wala skafu karibu na Falcone inayonguruma. Pikipiki hiyo ya Guzzi, iliyotoka mwaka 1950 na kutumiwa sana na polisi wa Italia, ina gurudumu zito la chuma linalozunguka nje ya injini, upande wa kushoto, wazi. Linapendeza sana kulitazama. Litazame ukiwa umesimama mbali, na mtoto umshike mkono.

BARABARANI: FANYA

Endeni kwa mwendo wa breki dhaifu kuliko zote. Si mwendo wa injini yenye nguvu. Breki za viatu ndani ya ngoma zikipata moto kwenye mteremko mrefu hupoteza nguvu, na mkono unabana mpaka mwisho bila kitu kutokea. Laverda 750 SF ilipewa herufi hizo kwa ajili ya breki zake, na kwa wakati wake zilikuwa za kujivunia. Bado ni breki za ngoma. Mwenye breki za namna hii akae wa pili, nyuma ya kiongozi, ili kiongozi amwone kwenye kioo na kupima mwendo kwake. Ukimweka nyuma atawakimbiza, atachemsha breki, na mimi nitamkuta.

Teremka kwa gia uliyotumia kupandia. Injini ishike uzito, breki zipumzike. Wanaotoka Lushoto au Mbeya wanalijua hili tangu utotoni; sijui kwa nini wanalisahau wakishapanda Guzzi.

Pangeni safu ya zigizaga kwenye barabara iliyonyooka: mmoja kushoto mwa njia yenu, anayefuata kulia, kila mmoja ameacha sekunde mbili kwa aliye mbele yake moja kwa moja. Kona zikianza, safu moja, na nafasi iongezeke. Kona inahitaji upana wote wa njia yako. Huwezi kuichagua mistari yako kama mtu yuko begani mwako.

Gaweni kundi. Zaidi ya pikipiki nane, fanyeni makundi mawili, kila moja na kiongozi wake na mkia wake. Kundi refu linawafanya wa nyuma wakimbie kuliko wa mbele, na linamfanya dereva wa gari alazimishe kuovateki mahali pabaya.

Kwenye kila njia panda, msubiri wa nyuma yako mpaka akuone. Hii ndiyo sheria inayoshika msafara wote. Kila mtu akimwangalia mmoja tu, hakuna anayepotea, na hakuna anayelazimika kufukuzia. Wengi wanaoanguka peke yao huanguka wakifukuzia kundi lililowaacha.

Kaa kulia. Nasema kwa waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda. Wa Bukavu na Bujumbura hawana tatizo hili. Ukiwa ndani ya msafara utakaa kulia bila shida kwa sababu unamfuata mtu. Hatari ni unapoondoka: umetoka kituo cha mafuta, barabara tupu, wewe wa kwanza, asubuhi mapema. Mkono unarudi kushoto. Bandika mshale wa tepu juu ya tanki unaoelekea kulia. Wanaocheka mshale huo hawajawahi kukutana uso kwa uso na lori la maziwa.

BARABARANI: USIFANYE

Usishindane.

Najua mahali tulipo. Barabara ya Futa, pamoja na kilele jirani cha Raticosa, ilipitiwa na mashindano ya Mille Miglia, na kila jiwe la kilomita linamwita mtu avute resi. Basi ukumbuke na mwisho wake. Tarehe 12 Mei 1957, karibu na Guidizzolo, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka kwa kasi kubwa. Walikufa yeye, msaidizi wake Edmund Nelson, na watazamaji tisa waliosimama kando ya barabara. Watano kati yao walikuwa watoto. Baada ya hapo Mille Miglia ya kasi ilikomeshwa. Hata Motogiro d'Italia, iliyoanza mwaka 1953 kwa pikipiki ndogo za hadi cc 175, ilifikia tamati yake mwaka huo wa 1957. Ile inayofanyika siku hizi kwa jina hilo inapima usahihi wa muda, si kasi. Waliolipenda jambo hili kuliko wewe walikubali hivyo. Wewe unamthibitishia nani nini, Jumapili asubuhi, huku baiskeli na familia ziko barabarani?

Usiovateki ndani ya kundi lako. Kama unamwona wa mbele ni mzito, vumilia mpaka kituo, kisha mwombe kiongozi abadilishe mpangilio. Mtu anayeendesha pikipiki yenye vioo vidogo vinavyotetema haoni anayekuja, na akipitwa ghafla anasogea.

Usimkazie macho aliye mbele yako. Akikosea kona, utaikosea naye. Tazama barabara inakoelekea.

Usirekodi video kwa simu ukiendesha. Sina maelezo ya kuongeza hapo.

KILELENI: FANYA

Egesha ardhi ngumu, gia ikiwa imeingia, na mbele pakielekea mlimani. Stendi ya pembeni ya Guzzi Le Mans hujikunja yenyewe uzito ukiondoka. Ukiigusa kidogo tu, pikipiki inalala, na inalaza ya jirani.

Tembea kukagua pikipiki za wenzako, si kuzisifia tu. Waliokaa nyuma wameona kisichoonekana na mwenyewe: moshi, namba inayoning'inia, cheni inayopiga. Mwambie mhusika hapo hapo, kwa heshima, pembeni. Ukimwona mzee amekaa kimya, mikono inatetemeka, mpelekee maji, mpe muda. Klachi za pikipiki hizi ni ngumu, na Laverda Jota inachosha hata mkono wa kijana. Msafara hauondoki mpaka wa mwisho kufika amepumzika. Wa kwanza amepumzika nusu saa. Wa mwisho ndio kwanza anavua glavu, nanyi mmeshawasha injini! Huo si uungwana.

KILELENI: USIFANYE

Usinywe. Sheria ya Italia inaweka kikomo cha gramu 0.5 kwa lita ya damu, na sifuri kwa mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu. Sheria ya msafara wangu ni sifuri kwa wote. Divai ipo, nayo ni nzuri. Itakusubiri mezani jioni, pikipiki ikiwa gereji.

Usimdharau mwenye pikipiki isiyo ya asili. Kuna watu wanaopiga magoti kutafuta boliti lisilo la mwaka wake, kisha wanalitangaza kwa sauti. Nimeona mtu aliyetengeneza Morini 3½ kwa miaka, kwa mshahara wa kiwandani, akanyamazishwa hivyo mbele ya mkewe. Msimu uliofuata akawa anaendesha peke yake. Anayeendesha peke yake hana mkia nyuma yake. Maneno yenu yamemwondolea ulinzi, na kama hamlioni hilo kuwa dhara, basi hamjawahi kulala mtaroni.

PIKIPIKI YA MWENZAKO IKIZIMIKA: FANYA

Isukumeni kwanza mpaka mahali papana, hata kama ni mita mia tatu kupanda. Kisha mmoja arudi nyuma ya kona kuonya magari, amevaa fulana inayong'aa.

Mwachie fundi mmoja. Anza na rahisi: petroli ipo? Koki imefunguliwa? Tundu la kifuniko cha tanki limeziba? Cheche ipo? Fyuzi nzima? Tundu la kifuniko limewaaibisha mafundi wengi waliokwisha kufungua kabureta nzima.

Ikishindikana, mmoja abaki naye mpaka gari la kubeba lifike. Pikipiki iende kwa gari, mtu aende nanyi au na gari hilo. Haachwi.

PIKIPIKI YA MWENZAKO IKIZIMIKA: USIFANYE

Usitengeneze kwenye kona. Usivute sigara karibu na kabureta iliyofunguliwa. Usiivute pikipiki kwa kamba nyuma ya pikipiki nyingine. Kamba ikijikunja kwenye gurudumu, mna majeruhi badala ya mwenye plagi mbovu. Na wale watano mnaosimama juu ya kichwa cha fundi mkitoa mashauri matano, kaeni kivulini.

MTU AKIANGUKA: FANYA

Wawili watangulie, mmoja kila upande wa ajali, mbali vya kutosha gari kuweza kusimama. Hili kabla ya kumgusa majeruhi. Wakati mwingine anayekufa ni aliyekimbia kusaidia.

Zima injini, funga koki ya petroli. Piga 112. Sema barabara gani, kilomita ya ngapi, unaelekea wapi. Kibao cha kilomita kiko kando ya barabara, mtume mtu akisome. Kama Kiitaliano chako kinakwama, mpe simu anayekijua, usijaribu ushujaa wa lugha wakati huo.

Kaa chini usawa wa uso wake, mwite jina lake, mwambie asigeuze shingo. Akisema baridi, mfunike. Angalia anapumua, na uendelee kuangalia mpaka gari la wagonjwa lifike.

MTU AKIANGUKA: USIFANYE

Usimvue helmeti anayepumua vizuri. Inavuliwa tu pale pumzi inapokwama na hakuna njia nyingine, na kwa watu wawili, mmoja ameshika shingo. Kila mwendesha pikipiki asomee huduma ya kwanza. Mnazo pesa za kununua ekzosi ya Lafranconi. Mnazo za kozi ya siku moja.

Usimsimamishe eti umwone kama anaweza kutembea. Usimpe maji wala kahawa. Huenda akahitaji upasuaji. Usiinue pikipiki yake kwanza. Nimeona watu wakipangusa vumbi kwenye tanki jekundu huku mwenye tanki amelala chini, na sikuweza kuwasalimu kwa muda mrefu.

Usirudi nyumbani na kundi kama yeye ameenda hospitali peke yake. Mmoja apande naye au amfuate, amebeba hati zake na namba ya simu ya nyumbani kwao. Mwingine aipeleke pikipiki gereji, achukue funguo. Wa tatu apige simu kwa familia, na awe mtu wanayemfahamu sauti. Kama ndugu zake wako Tanga au Mombasa, wapigie wao pia siku hiyo hiyo, kisha pangeni zamu ya kumpelekea chakula mpaka atoke.